Baiskeli Nisiyoichagua

Mpepai, Jumapili jioni

Mwanangu Veneranda,

Salamu nitakupa kesho kwa mdomo, kama hasira itakuwa imepungua. Sasa hivi haijapungua. Wewe umekwenda kuagana na wanajumuiya, mimi nimekaa mlangoni kwenye kigoda cha kuchambulia kahawa, na magotini mwangu kuna karatasi mahali ambapo ingekuwa sinia ya mboga. Mboga utachuma mwenyewe ukirudi.

Nakuandikia kwa sababu nikifungua mdomo natoa kelele, na kelele zangu ulishazisikia za kutosha Jumatano na Alhamisi. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Kimatengo sikufundishwa kukiandika, halafu nikikasirika kwa Kimatengo maneno yananitoka makali kuliko ninavyokusudia. Kiswahili kinanipunguza mwendo.

Sitakueleza habari za kuchemsha maji, wala za chandarua, wala joto la ziwani litakavyokunyanyasa wewe uliyezoea baridi yetu. Umesomea maabara. Vijidudu unavijua kwa majina yao, mimi navijua kwa vilio vya watoto tu. Nataka kuzungumza habari ya baiskeli, maana kwa ajili ya baiskeli tumekaa siku hizi zote nyumba moja kama wapangaji wawili wasiofahamiana.

Ulipopata kazi kwenye kile kituo cha afya cha mwambao, ukasema chumba umekipata kijiji cha pili, kilimani, kwa sababu karibu na ziwa vyumba havishikiki tangu watu wa ujenzi waanze kumiminika. Ukasema utakwenda kazini kwa baiskeli. Lami inaanzia mlangoni kwako na kuishia getini pa kituo. Ukasema hutaki kuamka kila alfajiri ukimpigia simu mtu wa bodaboda, akuambie yuko njiani na kumbe bado yuko kitandani. Nilifurahi sana siku ile. Nilijisemea, huyu mtoto ana akili, anataka miguu yake mwenyewe.

Ndipo akaja baba yako mdogo Kanisius.

Tangu marehemu baba yako atutoke, Kanisius ndiye anayesimama mahali pake, nami sikatai. Alikusomesha nusu ya safari. Wakati wa mavuno anakuja na wanawe kuchuma kahawa yetu kabla ya kugusa yake. Simchukii. Angekuwa mtu mbaya ningepumzika, ningemchukia nikalala usingizi. Ni mtu mwema, Vene, na wema wake ndio unaonichosha, maana mtu mwema akikukosea huna hata mahali pa kushika.

Aliileta ile nyekundu uwanjani kwetu akiisukuma kama anayeleta ng'ombe wa mahari. Springi mbele, springi katikati, tairi nene zenye meno kama za trekta. Akaipiga kofi tandikoni. "Hii ni imara, mwanangu. Hii hata mwanamume akiiona anaiheshimu."

Nilikuwa nakutazama. Uliisogelea, ukasimama kando yake, tandiko likakupita kiuno. Ukashika usukani, vidole vyako vikaitafuta breki vikaishia njiani. Niliviona. Na wewe uliviona. Kisha ukapiga goti kidogo kama binti aliyelelewa vizuri, ukasema, "Asante sana, Baba mdogo. Ni nzuri."

Alipoondoka nikakuuliza, "Inakutosha?"

"Nitaizoea, Mama."

Jumatano ukaenda nayo kuijaribu kwenye lami, ule mteremko wa barabara ya kwenda ziwani. Nilikuwa nageuza kahawa kwenye vichanja nilipokuona unarudi kwa miguu, unaisukuma kwa mkono mmoja. Wa pili umeukunja kifuani. Sketi imechanika, goti limechubuka mpaka nyama nyeupe.

"Nimeteleza, Mama. Si kitu."

Nilikufinya neno moja moja, kama mtu anayekamua jipu. Kumbe kwenye kona baiskeli ilikimbia, vidole havikuifikia breki, ukashusha miguu chini na miguu nayo haikufika chini. Nyuma yako lori la saruji linashuka, dereva anapiga honi. Ukachagua mtaro. Lori likapita pale ulipokuwa. Ulinieleza huku unanawa goti, kwa sauti ile ile unayoniambia chumvi imekwisha.

Mpaka hapo hasira ilikuwa bado. Hofu ilikuwa imejaa, hapakuwa na nafasi ya hasira.

Jioni yake Kanisius akapita. Umekaa pale pale uliponawia, mkono umefungwa bandeji mpaka karibu na kiwiko, na mtu mzima mwenye macho mawili anakuuliza, "Enhe, mwanangu, baiskeli inaendaje?"

Nawe ukamjibu, "Inaenda vizuri sana, Baba mdogo. Nashukuru."

Vene! Lori lilikupita hatua chache! Ungekufa, tungesema nini kwenye msiba? Kwamba marehemu alikuwa na adabu?

Ndipo nikapasuka. Nikamwambia shemeji yangu, kikombe cha chai kikiwa mdomoni mwake, kwamba unamdanganya, kwamba baiskeli yake ilikutupa mtaroni, kwamba alinunua baiskeli ya mtu mwingine kabisa akaileta kwako. Ukaniita "Mama!" kwa mshtuko, kana kwamba nimemmwagia mgeni maji. Kanisius akaweka kikombe chini polepole. Akakutazama wewe, hakunitazama mimi.

"Sasa si angesema?" akauliza.

Neno lile lilinichoma kwa sababu ni la kweli. Na kwa sababu ningeweza kuambiwa mimi, miaka mingi iliyopita, na mtu yule yule.

Unajua nilikuwa mhudumu wa afya wa kijiji kabla mgongo haujanikataza. Unachojua kwa juu juu ni kwamba tulipewa baiskeli. Ngoja nikueleze kwa kina. Wakubwa wetu wa afya walitukusanya, wakatuita kwa majina, na mimi nikapewa yangu, nyeusi, na sanduku la dawa la kufunga nyuma. Nilijifunza kuiendesha kwenye uwanja wa kanisa siku za kazi, wakati hakuna watu. Nilianguka nikaamka. Baba yako alikuwa ananishikia tandiko, anakimbia nyuma yangu akicheka. Nilikuwa na wewe mgongoni bado mchanga, nakulaza kwenye kanga chini ya ukuta wa kanisa, nakuja kukunyonyesha, narudi kuanguka tena. Mwishoni nikaweza. Nilikuwa nashuka nayo hadi kwenye nyumba za chini kabisa, kule yanakoanza mashamba ya ngoro, yale ya mashimo mashimo mteremkoni, upepo unaingia mikononi mwa blauzi, na nilijiona mtu.

Halafu Kanisius akaja kuiazima. Alikuwa na magunia ya mahindi ya kupeleka Mbinga. Baba yako akasema, "Mpe mdogo wangu, atarudisha." Nami nikasema, "Sawa, shemeji." Akarudisha baada ya mavuno, ringi imepinda. Ikatengenezwa, akaja tena. "Sawa, shemeji." Baadaye hakuwa anakuja kuiazima, ilikuwa inalala kwake, na mimi nikiitaka ndiyo nilikuwa naomba. Msimamizi wetu akiniuliza baiskeli iko wapi, nilikuwa namjibu iko kwa fundi. Nilimdanganya yule mama mpaka akaacha kuuliza. Nyumba zote zile nikawa nazizungukia kwa miguu, sanduku kichwani.

Unamfahamu Otmari, yule kijana anayekaa mstari wa mbele kanisani akitazama midomo ya watu. Siku aliyoanza kutetemeka kwa homa alikuwa mtoto wa kubebwa. Mama yake alimtuma mtu kuniita, nami nikatoka mbio. Mbio za miguu, Vene, kilima kwa kilima, huku najua baiskeli yangu iko mahali inabeba magunia. Nilipofika mtoto alikuwa amekwisha kukakamaa. Tulimfikisha hospitali, akapona, ila masikio hayakurudi. Niliwahi kumuuliza daktari kama ningewahi kidogo ingekuwaje. Akasema huenda ingekuwa vile vile. Hilo "huenda" nimeishi nalo mpaka leo. Mama yake hajawahi kunilaumu. Kila Krismasi ananiletea maharage.

Sikukueleza haya ili unihurumie. Nimekueleza kwa sababu uliposema "vizuri sana, Baba mdogo" na bandeji mkononi, nilisikia sauti yangu ikitoka kinywani mwako. Wewe umesoma, umeishi Songea miaka yote ile ya chuo, una cheti, una kazi, na bado ile "sawa, shemeji" imekufuata kama ugonjwa wa ukoo! Nilikukasirikia wewe, nikamkasirikia Kanisius, nikamkasirikia baba yako aliyelala kaburini hawezi kujitetea. Na mimi mwenyewe sikujiacha.

Basi Alhamisi tukaenda Mbinga kuibadilisha. Kanisius akaja pia, ameivaa ile kofia yake ya misa.

Yule kijana mwenye duka la baiskeli za mtumba mkabala na soko, nisipomtaja kwa jina ni kwa sababu silitaki kinywani. Alimpa Kanisius mikono yote miwili. Mimi nikapata shikamoo ya haraka. Wewe hukuonekana kabisa. Baiskeli umeishika wewe, bandeji iko mkononi mwako, naye anamgeukia shemeji yangu: "Mzee, imepata tatizo gani?"

"Muulize aliyeanguka nayo," nikamwambia.

"Aa, Mama, hiyo ni kuzoea tu. Wiki mbili tu, mguu unarefuka wenyewe." Akacheka.

Unajua kilichofuata, na soko zima linajua. Nilimuuliza kama kwao wananunua viatu kwa kupima mguu wa jirani. Nilimuuliza kama lori nalo angeliambia lisubiri wiki mbili. Wauza nyanya wakasimama. Kwa hilo sikuombi radhi. Nilikuwa na kelele za miaka mingi tumboni, na kijana yule alifungua mlango kwa kucheka.

Kisha nikaiona ile nyeusi. Bomba la katikati limeinama, mtu anaingia hata akiwa na kitenge. Madigadi mbele na nyuma, keria, kikapu, kengele, taa. Baiskeli ya mtu mwenye akili timamu. Nikaishika usukani. "Tunachukua hii," nikasema, nikaanza kuitoa nje.

"Hapana, Mama."

Hukupaza sauti. Nilidhani sikusikia vizuri. "Umesemaje?"

"Hapana. Sijaijaribu. Na nikiinyanyua hivi naona ni nzito."

"Uzito ndio uimara," nikakujibu, na neno lilipotoka nikalitambua ni la nani. Kanisius naye alilitambua. Aligeuka, akaivua kofia yake akaitazama.

Ukamwomba kijana spana. Ukaanza kazi yako kana kwamba sisi hatupo. Ya bluu ukaivuka, bomba likakugusa, ukairudisha. Nyingine ulikaa vizuri lakini vidole vikaishia njiani kwenye breki, ukairudisha nayo. Ndipo ukaishusha ukutani ile ya kijivu, ile ya resi, tairi nyembamba, usukani umepinda kama pembe za kondoo dume. Ukashusha tandiko. Ukabana breki ya mbele ukaisukuma, tairi la nyuma likanyanyuka. Ukazungusha ringi ukainama kutazama kama inapepesuka kati ya raba za breki. Ukapitisha ukucha kwenye tairi, ukaona nyufa. "Hili utanibadilishia," ukamwambia, "na uniwekee lile nene kidogo, linaingia." Ukauliza kama tyubu za saizi hiyo zinapatikana Mbinga, au kila pancha itakuwa safari ya Songea. Kijana akaacha kucheka, akaanza kujibu.

Ukaipanda mpaka kwenye kona ya soko ukarudi. Nilikuona uso ulivyong'aa. Nilikasirika zaidi.

"Haina keria," nikasema. "Haina digadi. Tairi kama mkanda wa suruali. Utapanda hiyo na sketi?"

"Nitavaa suruali, nitabadilisha nikifika. Matundu ya kufungia keria na digadi yapo, Mama, tazama. Njia yangu yote ni lami, na jioni narudi nimechoka, nyumbani ni kilimani. Ile yako nitaisukuma kila siku. Hii nitaipanda."

"Na mvua?"

"Nitapunguza mwendo. Breki zake nazifikia."

Kijana, maana mazoea ni mabaya, akamgeukia tena Kanisius. "Mzee, unasemaje?"

"Mimi?" Kanisius akajibu. "Muulize mwenyewe."

Nami nikatoka nje nikakaa na wauza nyanya, na tangu hapo sikukusemesha mpaka leo, isipokuwa kukuambia chakula kiko tayari.

Sasa nikuambie kilichonikasirisha, maana nimekitafuta siku zote hizi kwenye kahawa, kwenye moto, hata leo misani wakati wa mahubiri. Nilitaka ujifunze kuwakatalia watu. Nilikasirika kwa nini hukatai. Nilipiga kelele soko zima likasikia ili nikuonyeshe namna ya kukataa. Ukakataa, tena vizuri kuliko mimi, bila kelele, ukiwa na spana mkononi. Na wa kwanza kukataliwa nikawa mimi, mbele ya shemeji yangu na mbele ya mjinga yule. Sikukumbuka kwamba mimi nami ni watu.

Hata sasa siipendi baiskeli ile. Nimeizunguka asubuhi hii, nimeinyanyua kwa mkono mmoja, ni nyepesi kama kiti. Kitu chepesi hivyo kinamwogopesha mama. Ila nimebana breki zake pia, na mkono wangu ni mdogo kama wako.

Jana Kanisius alikuja na keria aliyochomelewa na fundi, hakuambiwa na mtu. Nilikuwa jikoni, hamkujua natazama. Aliiweka juu ya tairi, kisha akasimama na bisibisi hewani kama mtoto aliyesahau somo. "Niifunge hivi, au?"

"Irudishe nyuma kidogo, Baba mdogo. Hapo kisigino kitagusa."

"Hapa?"

"Bado. Hapo. Hapo sawa."

Akaifunga hapo. Hakuna aliyekufa. Mlikunywa chai, mkacheka habari za mbuzi wake. Mimi jikoni nililia kwa hasira, mwanangu, moshi ulinisaidia kuificha. Miaka yote ile! Kumbe yule mtu angeambiwa "shemeji, leo ninaihitaji", angesema pole, akaenda kutafuta punda. Huenda. Na huenda angenuna mwezi mzima, halafu mwezi ungekwisha.

Huko unakokwenda, watu wabaya siwaogopi kwa ajili yako. Wabaya utawakatalia bila kufundishwa. Nawaogopa wema. Yule mkubwa wako atakayekupenda kama binti yake, siku moja jioni sampuli imechelewa na kila mtu amechoka, atakuambia, "Andika tu hakuna vimelea, mwanangu, twende nyumbani." Nyumba fulani kilimani kutakuwa na mtoto anatetemeka. Sina la kukuagiza hapo. Najua tu utakavyojisikia kooni, kwa sababu koo hilo nilikupa mimi, na pole kwa hilo. Ila dukani nilikuona ukilifungua.

Ukiwa na jambo la kunikatalia tena, nikatalie. Nitakasirika. Nitakaa na wauza nyanya. Halafu nitarudi nyumbani kupika, kama ninavyotakiwa kuinuka sasa hivi kabla jua halijazama, maana nakusikia unakuja unaimba na mboga hujachuma.

Kesho nitakusindikiza hadi barabarani, nishike baiskeli wakati wanafunga mizigo juu ya gari, nihakikishe hawaipindi. Usishangae nisipolia. Bado nina hasira, na ninaiweka makusudi, kwa sababu gari likishaondoka ndiyo itakayonitembeza mpaka nyumbani.

Mama yako